Dada Modesta, Jina Lako Halikuzikwa

Mwaka mzima umekatika, Dada Modesta, tangu utolewe kwenye mtaro pale Mikese, na hasira zetu bado mbichi. Tusidanganyane. Wengine huandika kwamba mpendwa wao aliugua kwa muda mrefu. Wewe siku ile ulitoka nyumbani mzima. Ulishuka kwenye gari kununua mahindi ya kuchoma, kifafa kikakukamata, ukaanguka kifudifudi kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu. Watu walikuwepo, tele! Wakasimama.

"Msimguse! Povu hilo, mtaambukizwa!" Ndivyo walivyopiga kelele. Muuza mahindi mwenyewe ndiye aliyetusimulia, huku analia. Machozi yake tuliyaona, lakini mkono wake ulikuwa wapi?

Loh! Wewe wa kufa hivyo? Wewe uliyemaliza ujana wako ukikifukuzia kifafa ndani ya vichwa vya watu? Ulianza na mizizi aliyokuchemshia bibi yetu kule Mgeta, ulipokuwa mtoto wa kuangukaanguka. Ukaenda chuo, ukasoma kemia, ukarudi kuichambua mizizi ileile mpaka ukaipata kemikali moja ndani yake inayotuliza seli za ubongo. Kisha ukaona kemia peke yake haitoshi, ukaanza upya na masomo ya ubongo, mvi zimeshaingia. Tulipokuuliza panya wako wa maabara wanakueleza nini, ulisema, "Seli zao zinapiga kelele zote kwa mpigo, kama sokoni. Natafuta cha kuzituliza bila kumlaza mwenye kichwa." Hukumaliza. Hawakukuacha umalize.

Na ulivyokuwa mchokozi! Huingii jikoni kwa mdogo wako Agnes bila kufunua kila sufuria na kunusa, ukataja kinachoungua kabla mpishi hajajua. Hata harusini ulijilaza chini na gauni lako zuri, ukawalazimisha mashemeji wakugeuze ubavu. "Hivyohivyo! Kijiko mdomoni marufuku. Na povu ni mate tu, jamani, haliambukizi!" Watu walicheka mpaka basi. Walicheka, wakaenda zao.

Lakini waliotuumiza zaidi ni wa kwetu wenyewe. Siku ya kumaliza matanga, kama ilivyo desturi yetu Waluguru, ukoo ulikaa kumtafuta wa kurithi jina lako. Mjomba wetu Stefano, mkubwa wa ukoo, akasema, "Jina hili tulizike. Tukimpa mtu, tunampa na kuanguka kwake."

Na wote kimya! Uliowasomesha, kimya. Uliowakimbiza hospitali kwa gari lako, wanatazama vidole vyao vya miguu. Wageni wa Mikese waliogopa povu, hawa wetu wakaogopa jina. Tuwaseme vipi? Tumewasema tayari, na tutawasema tena.

Witness, binti wa Agnes, ndiye aliyesimama.

"Shikamoo babu. Nipeni mimi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, una watoto wadogo. Umefikiri?"

"Nimefikiri, babu. Nyinyi ndio hamjafikiri."

Mjomba akachukua fimbo yake akaondoka, na nusu ya ukoo nyuma yake. Basi mama yetu Magdalena, na magoti yake yale mabovu, akainuka mwenyewe. Akamkalisha Witness mkekani na kumwita jina lako mbele ya waliobaki. Tangu siku ile, nyumbani hatumwiti vingine. Kuna ndugu mpaka leo wanamsalimia kwa mbali, mikono nyuma, na watoto wao wanakatazwa kula kwake. Hilo ndilo linalotuchoma. Wewe umeshalala, lakini yeye anaishi na ujinga huu kila siku.

Jumapili hii tutakuombea kwenye misa ya kwanza kule Mgeta, kisha watu watakula nyumbani. Waliosusa waje, mlango hatufungi. Mjomba, nawe uje.

Unakumbukwa na mama yako Magdalena, mwanao Gervas, mdogo wako Agnes, na wote wa ukoo waliokubali kubaki mkekani. Hututoki moyoni, Dada, leo wala kesho.

Mlangoni atakayewapokea ni Modesta. Atatoa mkono. Ushikeni.