Sauti ya Marehemu Imo Ndani ya Kompyuta Inayougua

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nimeshaitikia marahaba, naomba unisaidie kwa sababu jambo hili nimemwambia Mungu peke yake na Yeye bado yuko kimya.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, nashonea chumba cha mbele hapa nyumbani, na mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu miaka kumi na minane, na kila Jumamosi alirekodi mazoezi akayaweka kwenye kompyuta yetu ya mezani, ile yenye feni inayonguruma, kwa hiyo tangu atutoke nimekuwa kila alasiri naiwasha, nakaa kwenye cherehani, jua linapita kwenye pazia la njano, vumbi la pamba linaelea taratibu kama nalo linasikiliza, halafu yeye anakohoa mara mbili, anasema, "Haya wapendwa, pumzi kwanza," na mimi huku navuta pumzi na pini mdomoni, siku moja nusura niimeze.

Shida ni kwamba alikuwa anasema haraka. Maneno manne, kisha wanaanza kuimba. Nikatamani aseme polepole, akae na mimi chumbani kidogo zaidi. Mzee mmoja wa kwaya, mwimbaji wa sauti ya nne, akaniambia mtandaoni kuna programu za bure za kupunguza mwendo wa sauti, basi nikatafuta, nikafika kwenye ukurasa wenye vitufe vingi vya kijani vilivyoandikwa "Pakua", nikabonyeza kikubwa kuliko vyote, maana niliona hicho ndicho chenye moyo. Yakaja maandishi mengi ya kigeni, na visanduku vidogo ambavyo mtu alikuwa ameshaviwekea alama ya vema, nikasema wamenirahisishia kazi, Mungu awabariki, nikabonyeza endelea, endelea, nakubali.

Na ilifanya kazi, mshauri! Mume wangu akasema "puuumzi kwaaanza" kama mtu anayeamka usingizini, nikalia, nikajifuta kwa shati la mteja.

Baada ya siku hiyo vikaanza kuja vidirisha. Kimoja cha hali ya hewa ya mji nisioujua, kimoja cha samaki wa rangirangi wanaogelea kutoka kona hadi kona, kingine kinanipongeza kwamba nimechaguliwa, na kila kimoja kinaniuliza kitu, na mimi nimelelewa kumwitikia anayebisha hodi, nikawa nabonyeza ndiyo, ndiyo, karibu, na nisikufiche, nilipenda, maana nyumba ilikuwa kimya mno na sasa ni kama ina watu. Samaki wale nilikuwa nawaangalia hadi uzi unaniishia kwenye cherehani nisijue. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipopita alicheka hadi akakaa chini. "Shemeji, hii si kompyuta tena, hii ni stendi ya mabasi! Dawa yake moja tu, kufuta vyote." Kufuta vyote! Nikamwambia chai imekwisha, aende kwake.

Sasa kosa lenyewe. Niliweka wimbo mmoja kwenye flashi nikampelekea karani wa ofisi ya kanisa, aupige siku ya kumbukumbu. Siku ya pili yake kompyuta ya ofisi ikapotewa na mafaili, orodha za ubatizo, ratiba za ndoa, kila folda ukiifungua ni vialama vitupu. Nilikuwepo, nimekwenda kupima majoho ya kwaya. Fundi wa kompyuta akasema, "Hiki kitu kimeletwa na mtu." Mchungaji akamgeukia karani.

"Binti, umekuwa ukifungua nini humu?"

"Baba, sijafungua chochote, haki ya Mungu tena."

Akanitazama mimi, si kwa kunishuku, ni kwa kuomba nimtetee, na mimi, mshauri, nikainama nikapima mkono wa joho ambalo nilikuwa nimeshalipima. Amepewa hadi Jumapili ajieleze au aache kazi. Nikisema ukweli watakuja kusafisha na kompyuta yangu, na shemeji ameshasema dawa ni moja, basi mume wangu nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Na juzi kimetokea kidirisha chekundu kinacholia king'ora, kinasema usizime, una virusi, piga namba hii upesi tukutibu. Namba nimeiandika kwa chaki juu ya kitambaa cha suruali ya mtu. Nipige? Na wakinitibia kimyakimya, je, bado nina lazima ya kusema?

Ni mimi, Mama Uzi.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Uzi, futa hiyo chaki kabla hujamaliza sentensi hii. Umefuta? Haya, sasa pole.

Hao wa king'ora ndio waliokuletea ugonjwa, au ni jamaa zao. Ukipiga simu watakuomba uwafungulie kompyuta waingie, kisha wakudai malipo, na wakitoka hutajua wameondoka na nini.

Ile sauti nimeielewa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijikuta navuta pumzi. Lakini acha nikugombeze. Hodi ni ya mtu mwenye miguu. Kidirisha hakina mama wala haya, kifungie mlango tu. Kile kitufe kikubwa mara nyingi huwa ni tangazo, na kitu unachokitaka kimewekwa pembeni, kidogo, hakina rangi. Na zile alama za vema zilikuwa saini yako iliyotiwa na mtu mwingine: ulimwalika mgeni mmoja, ukawapokea watano. Wewe ni fundi. Ukiletewa kitambaa ambacho kimeshakatwa, huulizi nani kakata?

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa gazeti letu, ambaye hula karanga juu ya kibodi lakini kazi anaijua. Akasema, "Mwambie mama, rekodi zinatolewa kwanza, zinapimwa, ndipo mashine inafutwa. Na kwa nini hana nakala mahali pengine?" Kweli, kwa nini huna?

Basi chomoa waya wa intaneti, uzime kompyuta. Ile flashi itie kwenye kopo la vifungo, isiguse mashine nyingine mpaka fundi aione. Tafuta fundi mwenye duka linalojulikana, umwambie kabla hajagusa kitu: toa rekodi zangu, weka kwenye diski mbili, nizisikie, kisha ufute. Nenda na kazi yako ya mkono ukae hapohapo. Neno la siri la barua pepe libadilishe kwenye simu, si kwenye kompyuta hiyo. Siwezi kukuapia kwamba kila wimbo utapona. Ila ukiendelea kuwaangalia samaki, utapoteza zote.

Hayo ya fundi ni ya kesho. Leo, ukishachomoa waya, vaa viatu.

Umeniuliza kama una lazima ya kusema. Mama, unasema Mungu yuko kimya. Mimi nadhani alikujibu siku ile karani alipokutazama, ukainamia joho. Nenda leo, usingoje Jumapili, na huyo binti awepo. Sema: flashi ilikuwa yangu, karani hana kosa. Usianze na machozi wala na marehemu. Fundi wa ofisi akijua kilikotoka atajua cha kutafuta, maana mafaili ya namna hiyo aghalabu yamefichwa tu, hayajafutwa.

Ukifika mlangoni utatamani kurudi. Usirudi. Kohoa mara mbili, kama yeye. Pumzi kwanza. Halafu sema.