Gari la Bibi

Mama,

Sikuandikii kukuombea upumzike. Hayo wamekuombea wengi, kanisani na hapa msibani Ipogolo. Nakuandikia kwa sababu nina hasira.

Nilipokuwa na miaka saba nilipanda jabali la nyuma ya nyumba. Watoto wa jirani walikuwa wanateleza juu ya dumu la mafuta lililopasuliwa katikati. Zamu yangu ilipofika ukatoka jikoni na mwiko. "Shuka! Mtoto wa mwalimu unachana gauni kama huna kwenu!" Tangu siku hiyo niliwatazama kupitia dirishani, daftari la hesabu mbele yangu. Nikawa wa kwanza darasani kila mwaka, Mama. Na hakuna aliyeniita tena kucheza.

Nilipopata kazi Mbeya nikakuachia mwanangu Atu. Nilijua utamlea kama ulivyonilea mimi. Nilimhurumia, nikamwacha hivyo hivyo. Kisha Krismasi ile nikaja bila taarifa, nikakukuta juu ya jabali, sketi umeikunja magotini, mjukuu mapajani, mmekaa kwenye dumu. "Kaza miguu, Bibi, gari linaondoka!" Mkashuka mnapiga kelele mpaka kwenye majani. Ukajipangusa vumbi, ukacheka, ukanisalimu. "Kamwene, mwanangu. Usinitolee macho. Mtoto lazima acheze."

Mtoto lazima acheze. Na mimi nilikuwa nani?

Sikukuuliza. Nilibandika chai. Mkanisimulia mlivyokwenda Igowole kumwona ndama wa shangazi, mkarudi mmelowa chapachapa, Atu ana kiatu kimoja, na hukumgombeza. Mlicheka wawili. Mimi nilikoroga sukari.

Siku ya kuanua matanga, shangazi wakigawana vitenge vyako, nilifagia uani. Nikalitupa lile dumu kwenye moto wa takataka. Nimewaambia watu sikujua. Wewe siwezi kukudanganya. Nilijua.

Atu hakulia. Alisimama karibu na moshi akasema, "Mama, hilo ni gari la Bibi." Wiki ya tatu sasa hachezi. Akitoka chekechea anakunja sare yake, anakaa dirishani. Dirisha lile lile. Jana alimwaga uji, nikapaza sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa yako, ile ya mwiko. Akafuta meza mwenyewe, pembe zote nne. Naujua ufutaji ule. Ni wangu.

Sijakusamehe. Kicheko kile ulikuwa nacho miaka yote, ukamtunzia mwingine. Ningependa uniambie ulikitoa wapi, maana nakitafuta ndani yangu na sikipati.

Leo asubuhi nimeomba dumu tupu kwa mama muuza chipsi kando ya barabara kuu. Nimelipasua kwa kisu chako, nikajikata kidole. Atu alikuwa ananiangalia. Alileta kitambaa.

Jumamosi majirani watakuwa nje wanaanika mahindi. Wataniona nimekunja sketi, mtoto wa mwalimu. Naliogopa jabali lile, Mama, bado naliogopa. Lakini nakuahidi sitashuka kwa miguu. Atu akikubali, atakaa mbele. Asipokubali, nitateleza peke yangu, nipande, niteleze tena, mpaka atoke dirishani.

Lala sasa. Hasira yangu nabaki nayo mimi, yeye simwachii.

Mwanao,
Upendo