Dada Kasema Ni Aleji

Shoga, bado niko kwa fundi. Hili gauni la kumsimamia dada limejaa pini mwili mzima, siwezi hata kulivua nikakimbia.

Mama mkwe wake kaingia bila hodi, macho moja kwa moja kwenye viwiko vyangu. "Hayo magamba ni nini? Yanaambukiza?"

Unajua dada kajibu nini? "Ni aleji tu, mama. Mpaka siku ya harusi itakuwa imeisha."

Aleji. Dada huyu huyu anayenipaka mafuta mgongoni kila nikitoka kuoga. Anajua fika soriasisi haiponi, tunaituliza tu. Na harusi ni baada ya wiki tatu.

Itakuwa imeisha, eti.

Nikasema, "Si aleji, mama. Ni soriasisi. Haiambukizi, na siku hiyo nitakuwa nayo."

Fundi ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo mikono mirefu au mifupi?"

Nimesema mifupi.

Dada kanipita akimfuata mkwewe nje, akaninong'oneza, "Ungeninyamazia leo tu."

Na tunalala chumba kimoja, shoga.