Upinde Kwangu, Podo kwa Laurenti

Jumatatu, 7 Julai

Mishale sita kabla ya kufungua duka. Mitatu imepita juu ya mgomba. Miwili imeanguka njiani. Mmoja umechoma mkungu wa ndizi wa Mama Oliva, jirani, ng'ambo ya uzio. Nilikuwa nimelenga mgomba wangu mwenyewe.

Mkono wa kushoto umevimba pale ugwe unapouchapa. Nimeufunga kitambaa cha bitana, nikaenda kushona sare za shule.

Zimebaki siku kumi na tisa.

Ninaandika kwenye daftari la vipimo kwa sababu Skola, mke wangu, halifungui kamwe. Anasema limejaa matumbo ya watu.

Jumanne, 8 Julai

Niandike ukweli, maana huku hakuna anayesoma.

Mwezi uliopita Mzee Masanja alikuja dukani apunguziwe kaunda suti. Ni Msukuma, mfugaji wa Kaniha huko Biharamulo. Binti yake ameolewa hapa kwetu Keza. Akauona upinde wa marehemu baba ukutani, akauliza umeua nini. Ningemjibu kwamba ni wa baba, yakaisha. Mdomo wangu ukasema: tohe watatu.

Tohe, wale swala wa majani marefu! Mimi hata kuku sijawahi kuchinja. Anachinja Skola.

Kumbe mzee ni mwindaji hasa. Kila msimu anaomba leseni. Mwaka huu amepewa kibali cha tohe mmoja, kwa upinde, kwenye mbuga iliyo nje ya mipaka ya hifadhi. Mwenzake wa siku zote magoti yamegoma. Akasema nafasi ni yangu, tarehe ishirini na sita. Nikamshukuru kana kwamba nimepewa ubunge.

Ningeweza kujitoa. Nisingizie mgongo. Lakini sitaki, na hilo si la mchezo. Baba alimchukua kaka Laurenti porini. Mimi aliniacha nyumbani na cherehani ya mama. Nina miaka arobaini na saba na bado inaniuma. Nataka kwenda mara moja tu. Na upinde wake.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Oliva kaja na mkungu kichwani, mshale umo bado. Kapita nao njia kuu ili wote wauone. Nikamwambia mkungu wake ndio ulioegemea mpakani. Akanijibu kwa Kihangaza. Siandiki alichosema. Skola alicheka mpaka akakaa chini.

Mazoezi nimehamishia kwenye gunia la majani makavu. Nimelichora macho ili nizoee. Linanitazama vibaya.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya.

Mzee Masanja alipita kumwona binti yake, akaja kukagua silaha. Upinde kausifu. Nikamtolea mishale niliyochonga mwenyewe, ncha zake spoku za baiskeli. Akafumba jicho moja, akautazama mmoja kwa urefu wake, akanirudishia. Akauliza kama ni ya kufumia masweta.

Anataka mishale ya kweli. Ya baba iko wapi? Iko kwenye podo. Podo liko wapi? Kwa Laurenti. Laurenti gani, yule wa suruali?

Mtu wa Kaniha, halafu anajua habari ya suruali.

Hapo ndipo akaniambia sharti lake. Kwake haendi mtu mwenye kinyongo. Asubuhi ya kuwinda humsimamisha kila mmoja, anamtazama usoni na kumuuliza kama kuna mtu hajapatana naye. Mshale wa mwenye kinyongo hauendi mbele. Unatafuta mtu. Yeye mwenyewe ana kovu kwenye tako la kulia, alilipata kwa mwenzake aliyegombana na shemeji yake. Alitaka kunionyesha. Nilikataa kwa heshima zote.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kutafuta, mishale na amani, na yote yako nyumba moja.

Jumapili, 13 Julai

Misa. Laurenti kavaa ile suruali.

Anaivaa kila Jumapili, mwaka wa nne huu. Mguu wa kushoto ni mfupi kwa inchi moja, soksi inaonekana. Hukaa benchi la mbele, njiani kabisa, mguu huo ameunyoosha ili parokia nzima ione kazi ya mdogo wake fundi. Nimepoteza wateja kwa mguu ule. Bwana harusi mmoja alikwenda kushonesha Ngara mjini.

Suruali ilikuwa sahihi. Yeye ndiye anasimama vibaya.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeanza na kinyongo chepesi. Nimemshonea Mama Oliva blauzi ya kitenge, mikono ya puto, nikampelekea na pole. Kaijaribu papo hapo. Imemkaa. Akasema nikitaka kuchoma mkungu mwingine nibishe hodi kwanza.

Mmoja tayari. Nimejisikia mtu mwema mpaka jioni.

Jumatano, 16 Julai

Sawa. Niliufupisha ule mguu wa suruali. Inchi moja, makusudi.

Baba alipofariki, ukoo ulikaa baada ya matanga ukasoma maneno yake. Upinde kwangu, podo na mishale kwa Laurenti. Hakuna aliyeelewa. Nikamwambia kaka anipe podo, maana bila upinde ni mfuko tu. Akajibu mbele ya wote kwamba upinde mikononi mwa fundi cherehani ni fimbo ya kupimia vitambaa. Watu wakacheka. Shangazi akacheka, na nilimshonea gauni la msiba bure!

Miaka miwili baadaye binti wa Laurenti akaolewa. Shemeji, mke wa kaka, akaniletea kitambaa cha suti yake. Yeye hakuja. Nikashona koti vizuri sana, na suruali nikafika mguu wa kushoto, nikawakumbuka wale waliocheka.

Ni aibu. Lakini ile siku nilifurahi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepita mbele ya kwake mara tatu kwa baiskeli. Mara zote yuko uani anaanua kahawa. Mara zote nimeendelea mbele mpaka dukani, nikanunua chumvi. Nyumbani sasa tuna chumvi ya kuanika samaki wa ziwa zima.

Tatizo ni shikamoo. Yeye ndiye mkubwa, mimi ndiye wa kuamkia. Angekuwa mdogo wangu angekuwa ameshaniamkia, tungekuwa tumeshamaliza. Miaka minne neno moja limenikaa kooni.

Jumapili, 20 Julai

Misa. Suruali. Soksi leo nyekundu. Huyu mtu ana roho gani?

Skola kachoka na mimi. Kasema kama kusema shikamoo kunanitoa jasho hivi, huyo tohe nikikutana naye nitamfanyaje. Kasema pia tohe ana haki ya kupigwa na mtu mwenye akili timamu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda.

Nikasimama uani na baiskeli mkononi, nikasema shikamoo kaka. Alikuwa ameshika ungo wa kahawa. Akauweka chini, akaupangusa, akauinua tena. Nikaona ataniacha pale mpaka mvua za vuli. Mwishowe akasema marahaba, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Shemeji akaleta ndizi na maharage haraka, kabla hatujabadili mawazo.

Podo linaning'inia jikoni. Limewekwa miiko miwili na mwavuli. Mishale imebaki minne, imenyooka, manyoya yameliwa na mende.

Nikakiri habari ya mguu wa kushoto. Akasema alijua, maana yeye ndiye anayetembea nao. Nikaomba podo. Akasema podo halitoki bila yeye. Hapo hasira zikanipanda, nikamwambia yote: kwamba yeye alikwishakwenda, baba alimchukua yeye, mimi sikuchukuliwa hata siku moja, aniachie basi hii moja.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka ndizi ikampalia, shemeji akampiga mgongoni.

Alichukuliwa mara moja tu. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Tohe alipiga mbinja kwenye majani, ile mbinja yao ya kushtuka, Laurenti akatupa kila kitu akapanda mti, akagoma kushuka. Baba alimshusha kwa kumbeba begani. Njiani akamwapisha asimwambie mtu. Mimi sikuachwa kwa sababu ya cherehani. Baba alisema mtoto mmoja wa namna hiyo anamtosha.

Miaka thelathini na minane nimemwonea wivu mtu aliyekuwa juu ya mti!

Anadhani baba alitenganisha upinde na mishale ili pasiwe na wa kujichoma.

Alhamisi, 24 Julai

Mazoezi pamoja, siku ya tatu. Nimebandika manyoya mapya, ya jogoo wa shemeji. Laurenti analenga vibaya kuliko mimi. Nimefurahi kupita kiasi. Gunia leo limepigwa jicho la kulia, hatua ishirini. Mimi ndiye niliyepiga. Yeye anasema upepo.

Nimempigia Mzee Masanja. Amekubali tuje wawili. Upinde mmoja: mimi navuta, kaka anabeba podo na kunipa mshale.

Ijumaa, 25 Julai

Bodaboda moja, sisi wawili nyuma, upinde katikati. Kisha gari mpaka Biharamulo, kisha bodaboda tena. Abiria mmoja kauliza kama tunacheza ngoma za asili. Laurenti kajibu ndiyo.

Tumefika Kaniha mchana. Maziwa mgando, ugali, ng'ombe wengi kuliko watu. Mzee amenisogelea, akanusa, akauliza nimeoga sabuni gani. Skola alininunulia ya waridi kwa ajili ya safari. Nimesuguliwa majivu na maji baridi kama sufuria. Laurenti ndiye aliyesugua. Alisugua kwa moyo wote.

Naogopa. Siogopi tohe. Naogopa kukosa.

Jumamosi, 26 Julai

Alfajiri Mzee Masanja alitusimamisha kwenye umande. Akaniuliza mimi kwanza. Nikasema sina kinyongo na mtu. Nikajisikiliza, na kweli sikuwa nacho. Akamuuliza Laurenti. Akajibu hana. Mzee akatutazama kwa zamu, akaridhika.

Tulitembea upande wa Nyamigogo mpaka jua likapanda. Majani kifuani. Karibu na bonde akatulaza kwa ishara ya mkono. Tohe alikuwa peke yake, dume, anakula. Hatua thelathini. Sikuwahi kuona kitu kilichokaa vizuri hivyo mwilini mwake. Nikajikuta nampima: shingo inchi kumi na nane, kifua thelathini na mbili. Mazoea.

Laurenti akanipa mshale. Nikavuta. Nilikuwa nimempata. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa pale alipokuwa baba.

Hapo Laurenti akaniuliza sikioni, kwa kunong'ona, kama nimeshampima mguu wa kushoto.

Kicheko kilinitoka puani. Mshale ukaenda mbinguni. Tohe akapiga mbinja, kali, na Laurenti akarukia mti uliokuwa karibu! Mtu wa miaka hamsini. Alipofika tawi la kwanza akatambua alipo, akatutazama. Mimi nililala chini kwenye majani nikishika tumbo, machozi yananitoka, na nilipokuwa nacheka nikaanza kulia kabisa, nikamlilia baba vile ambavyo sikumlilia siku ya msiba. Laurenti akashuka, akakaa karibu yangu.

Mzee aliyapiga majani kwa fimbo kwa hasira. Akasema alituambia tuje bila kinyongo, hakutuambia tuje na vichekesho. Kibali chake anakitumia mwenyewe. Mshale tuliutafuta saa nzima. Tumeupata. Minne yote ipo.

Jumatano, 30 Julai

Nyumbani. Skola kauliza nyama iko wapi. Nimempa mtindi wa Kaniha. Kaunywa, kasema huyo tohe ni laini.

Jumatatu, 4 Agosti

Ijumaa Laurenti alileta suruali. Nimefumua pindo la mguu wa kushoto. Nilidhani nilikata. Sikukata. Kitambaa chote kimekunjwa ndani, inchi nzima, na mshono ni ule mrefu wa muda, wa kufumuka kwa kuvuta uzi mmoja. Nilikuwa nimesahau. Mkono wangu haukusahau.

Nimeishusha, nikapiga pasi. Sehemu iliyofichwa bado ni nyeusi kama siku ya harusi, na suruali yote imepauka. Kuna mstari. Nikamwambia nitatafuta dawa ya rangi. Akakataa.

Jana misa. Kavaa. Miguu sawa, mstari mweusi chini ya mmoja. Hakukaa mbele. Alikuja benchi letu, Skola akasogea. Nilimwamkia, akaitikia, tukafungua kitabu kimoja cha nyimbo.

Podo limerudi jikoni kwake. Mwavuli kautoa.

Leo mteja mgeni kaja kupimwa. Akauona upinde ukutani, akauliza umeua nini. Nikamjibu gunia moja na mkungu wa ndizi. Kiuno thelathini na sita. Anataka Alhamisi.