Nilimpa Mke Wangu Dawa kwa Mkono, Nikaiharibu kwa Mdomo

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nina chupa ya vidonge vya vitamini kwenye droo ya saluni na sijui niitumie au niitupe, na hapa kazini sina wa kumuuliza kwa sababu nikisema jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalijua.

Mimi ni kinyozi. Mke wangu ni fundi cherehani wa sare za shule, au alikuwa, kwa sababu miaka minne iliyopita aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba robota la vitambaa, akaumia mgongo, akapasuliwa, mfupa ukapona lakini maumivu yakakataa kuhama, na kila akipigwa picha ya mgongo tunaambiwa hakuna kitu, hadi dada yangu mkubwa akaanza kusema wifi yake anadeka, kazi hataki. Mwishowe akaandikiwa vidonge vya jamii ya mofini, kimoja asubuhi na kimoja jioni, nikakabidhiwa mimi kuvitunza. Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye kiti cha kunyolea nasikia mengi, na mteja mmoja alinisimulia jinsi shemeji yake alivyogeuka mraibu wa vidonge hivyo hivyo mpaka akauza milango ya nyumba, nikaogopa, na tangu siku hiyo kila nikimpa mke wangu kidonge nilisema, "Haya, chukua sumu yako," au, "Meza, lakini ujue hiki hakikusaidii, kinakuzoesha tu." Nilisema kwa utani na kwa mapenzi, asubuhi na jioni, mwaka mzima na miezi minane. Na kweli havikumsaidia, nami nikajiona nina akili.

Mwezi uliopita hospitali ilikuwa inatafuta wenye maumivu sugu kwa utafiti, akakubali, akalazwa ndani ya mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini, dripu ya dawa ya jamii ile ile mkononi, kidude cha moto kikimchoma kidogo mguuni ili maumivu yapimwe. Sauti ya daktari kwenye spika ikamwambia sasa dawa inaingia, baadaye ikamwambia tumeifunga, maumivu yanaweza kuzidi. Kisha tukaitwa wote wawili, daktari akatuonyesha picha na kutuambia ukweli: dawa haikufungwa hata dakika moja, na kipimo kilikuwa kile kile. Alipoambiwa inaingia, maumivu yalishuka. Alipoambiwa imefungwa yalirudi kama hakuna dawa, na hata kwenye picha sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zikaamka upya.

"Huyu mama haigizi," daktari akasema. "Na dawa inamsaidia, ila hofu inaweza kuifuta."

Mke wangu alilia kwa furaha. Kwenye korido akanishika mkono, akasema, "Ndugu zako wote waliniona mwongo. Wewe peke yako hukuniangusha." Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu hapo kidonge nampa kimya kimya, na sasa ni wiki ya tatu, amepata nafuu, jana ameshona kola sita na kunicheka nilivyokata vibaya limau. Nimepata nafuu hata mimi. Ndiyo maana nikanunua vitamini vinavyofanana na vidonge vyake, nikawaza kwamba kama maneno yana nguvu hivyo, nibadilishe kimya kimya, nimpe vitamini na maneno matamu, apone bila uraibu, na lile kosa langu lizikwe. Nifanye hivyo?

Kinyozi mwenye mdomo

*

Ndugu Kinyozi,

Kwanza shusha pumzi. Mkeo amejua kwamba hakuwa akidanganya, dawa inamsaidia, na amerudi kwenye cherehani. Nimesoma habari hiyo mara mbili kwa raha.

Sasa hiyo chupa. Kunywa vitamini hivyo mwenyewe kama unavihitaji, lakini mkeo hata kimoja asipewe. Dawa za aina yake hazikatizwi ghafla; mtu hutetemeka, hutoka jasho, na maumivu humrudia kwa hasira. Ulimharibia dawa kwa nusu ya ukweli, halafu unataka kumtibu kwa uongo mzima? Daktari hakukuonyesha zile picha ili ukafungue hospitali saluni.

Kuogopa uraibu si ujinga. Hatari ipo. Ujinga ni kuiokota hofu hiyo kwa mteja aliyejaa povu la sabuni shingoni na kumpelekea mkeo, badala ya kuipeleka kwa aliyeandika dawa. Nenda na mkeo kliniki wiki hii, muulize daktari vidonge vitaendelea hadi lini, vitapunguzwaje, na mazoezi gani ya mgongo yaambatane navyo. Umweleze pia ulichokuwa unasema, maana akiendelea kuamini kwamba dawa ilishindwa miezi yote hiyo, huenda ataongeza kipimo bure.

Na mkeo lazima ajue kabla ya daktari. Najua unachoogopa: kuvuliwa ile sifa aliyokuvika kwenye korido. Ndugu yangu, sifa hiyo ilikuwa kubwa kuliko wewe. Mficha maradhi, kilio humfichua, na ni afadhali asikie kwa kinywa chako kuliko kwa cha dada yako.

Mwambie leo, kabla ya kidonge cha jioni. Usijitetee, usimtaje mteja, usifanye utani. Akikasirika, usikimbilie saluni. Kaa hapo hapo akumalizie hasira zake. Akishanyamaza, mmiminie maji, mpe kidonge, kisha sema, "Meza, mke wangu, hiki kitakusaidia." Safari hii utakuwa unasema kweli.