Kifaru na Pipa la Kabichi

Renda, 3 Machi 2009

Dada yangu Mirdza,

U hali gani, na magoti je? Mimi mzima, meno tu ndiyo yananihama. Habari kubwa: kifaru changu cha vita, kile cha Wajerumani, kimetembea hadi kanisani na kurudi!

Haya, nimedanganya. Kimezunguka palepale uani kama kuku aliyekatwa kichwa. Mnyororo wa kushoto haufungiki, umepungukiwa pingili moja. Miaka yote hii navuta vyuma vyake kinamasini, nimekitia hadi injini ya lori la Kirusi, halafu pingili moja inanidhalilisha! Jirani Žanis anayo, kaining'iniza iwe uzito wa lango lake, hataki kusikia. Mwenyekiti wa kijiji naye kaapa: kisipotembea kufikia sikukuu ya Jāņi mwezi Juni, kinakwenda kuyeyushwa. Hukumbuki vyuma alivyookota marehemu mama baada ya vita?

Kakako,
Ansis

Kuldīga, 14 Machi 2009

Kaka Ansis, mzee wa kutu,

Salamu. Magoti yanalalamika kukushinda wewe. Nimecheka mpaka paka kakimbia. Unalijua pipa la kabichi chachu alilonipa mama nilipoolewa? Lile dude linalokandamiza kifuniko, mimi siku zote nikidhani ni la jembe. Leo nimelifunua kitambaa: lina meno, na matundu ya pini pande zote mbili. Ndilo hilo!

Usikimbilie koti. Mama alisema uzito hauachani na pipa hadi kabichi iishe, na jiwe badala yake hakulitaka kabisa. Nami nala peke yangu. Hujakanyaga kwangu tangu tumzike. Ukilitaka, njoo ule.

Mdogo wako,
Mirdza

Renda, 4 Mei 2009

Mirdza wangu,

Hamjambo wewe na paka? Tumbo langu bado linanguruma tangu nitoke kwako: supu ya kabichi, kabichi kwa nyama ya nguruwe, kabichi kwa viazi, hadi ndotoni kabichi! Lakini pipa tulilikomesha, pingili imeingia, na kifaru kimetembea! Safari hii sidanganyi, muulize Žanis: kimepita juu ya choo chake. Bahati yake hakuwamo. Katoka nyumbani anapiga kelele, "We mzee kichaa, vita viliisha!" Nikamjibu, "Ungenipa pingili, ningejifunza kukata kona mapema!" Mwenyekiti kapanda juu, anapunga mkono kama jenerali. Hakiyeyushwi tena!

Ila chuma hiki kina baridi, na kiti cha pembeni yangu ni kitupu. Siku ya mazishi ya mama uliniahidi soksi za sufu, sijaziona mpaka leo. Nizipate kabla ya Jāņi. Na usizitume kwa posta.

Kakako,
Ansis