Jina Asiloweza Kulitaja Kapteni

Jumatatu, 4 Machi 2019

Mchujo umetoka! Kampuni itasomesha rubani mmoja mwaka huu. Mmoja tu — na mimi nimo katika wanne waliobaki. Mimi niliyekaa kwenye mizani ya uwanja wa ndege wa Goroka muda wote huu, napima magunia ya kahawa, nguruwe waliofungwa miguu, na mabibi wanaogoma kupanda mizani.

Mista Hartley, mwenye kampuni, Mwaustralia, alisimama mbele yetu. Akasema hapa hakuna cha mjomba wala shangazi, kila msaili atamke kama ana ndugu kati yetu. Kapteni Wemin, rubani mkuu, akatikisa kichwa. Hana. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jumatano, 6 Machi

Usaili. Nimefura! Kalamu inatoboa karatasi.

Tulikaa benchi la korido: mimi, Noreen wa tiketi, Ezra wa matairi, na Junias, kijana mpya wa ofisini. Kapteni anafungua mlango, anaita majina. "Roselyn Gahare!" Nikaingia. Mawingu, mafuta, viwanja vya mlimani vyenye mteremko — nilijibu vizuri, najijua. Nikatoka. Akamwita Noreen, akamwita Ezra, majina kamili, sauti ya kijeshi. Halafu zamu ya Junias. Mlango ukafunguka. Kapteni akatazama orodha, akakohoa.

"Haya... wewe, kijana mrefu. Ingia."

Tuliganda. Huku kwetu nani asiyejua? Jina la shemeji halitamkwi. Ni mwiko, hata uwe kapteni. Mista Hartley alikuwa ndani anakunywa chai yake, hakushtuka hata kidogo!

Lucille wa redio alinivuta pembeni. "Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi kiti hicho kina mwenyewe. Huyo anabebwa mgongoni na kitambaa juu."

Jioni sikula.

Ijumaa, 8 Machi

Nimembana Junias kwenye mizani. Nikamuuliza waziwazi, mke wa Kapteni ni nani yako? Hakuzunguka. Dada yake, tumbo moja. Mbona hukusema? "Aliyeulizwa ni yeye, si mimi. Na wewe dada, ungekuwa na mtu, ungemkataa?" Nikamwambia ningemkataa mchana kweupe. Akacheka. Si kwa dharau — na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nimeomba kuonana na Mista Hartley Jumatatu. Nimemwambia karani wake ni jambo zito, la udugu kazini. Kapteni ndiye anayepanga zamu zetu zote. Nikisema, hapa sina maisha tena. Nisiposema, kiti kimekwenda.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya kanisa, chakula cha kuokwa shimoni kwa mawe ya moto, nyumbani kwa Mama. Nguruwe, viazi vitamu, shangazi zangu wote. Nikafanya kosa la kufungua mdomo.

Mama akaweka kiazi chini. "Mwenzio ana mtu. Wewe huna mtu?"

Nikajua anaelekea wapi. Mjomba Sepe, kaka yake, yuko mji mkuu, Moresby, kwenye ofisi inayopitisha viwanja vya ndege. Bila sahihi yake Hartley hatui hata kwenye shamba la viazi. Nikasema sitaki, nataka kushinda mwenyewe.

"Mwenyewe! Shule ulijisomesha mwenyewe? Ukoo mzima uliuza nguruwe. Leo umeota mabawa, umekuwa mtu wa peke yako?"

Shangazi wakaguna wote kwa pamoja. Nikamwomba Mama asimpigie Mjomba simu. Akasema hajampigia. Sikumwamini. Na sikuuliza tena.

Jumatatu, 11 Machi

Niko chooni, ofisi kuu. Naandika haraka.

Niliingia kwa Mista Hartley na maneno yangu nimeyapanga. Mjomba Sepe huyo! Kwenye kiti cha wageni, kikombe mkononi, anacheka. Amekuja na ndege ya asubuhi. Kapteni naye pembeni, amekunja mikono.

Mista Hartley alichangamka mno. "Roselyn! Hukuniambia una mjomba kama huyu!"

"Mtoto wetu ana haya," Mjomba akasema. "Ndivyo tulivyomlea."

Kisha Hartley akakumbuka. Nilikuwa na jambo la udugu kazini — haya, niseme, ni nani huyo? Kapteni akanikodolea macho. Mjomba naye. Wote wawili walijua nimekuja kusema nini. Nilifungua mdomo... nikaomba kwenda msalani.

Nina hasira! Na Mama, na Mjomba, na Kapteni. Na — niseme ukweli, nani atasoma — nilipomwona Mjomba pale, moyo ulitulia. Mara ya kwanza tangu Jumatano. Naona aibu hata kuandika.

Nikimtaja Junias, nimejitaja na mimi. Lakini nisipomtaja —

Mlango unagongwa. Mjomba, kwa sauti ya chini. "Mwanangu, mambo yameiva. Mzungu amekubali kusomesha wawili. Wewe na yule wa Kapteni. Lile jambo lako, mwambie limeshakwisha. Njoo, usiwaweke wakubwa."

Wawili! Mimi, rubani!

Noreen na Ezra wako pale koridoni, wanasubiri jibu. Nilipopita Noreen alinishika mkono, akaninong'oneza niseme kwa niaba yetu sote.

"Roselyn?"

Nimeitika. Nimesema, nakuja Mjomba.